Uliza Fundi: bati limepata moto, mbona bado linachanika?

Mwezi huu nimeweka pembeni maswali ya pampu na jenereta, maana barua zilizoingia nyingi zinagusa kitu kimoja: kulipasha moto bati la aluminiamu halafu kulifinya. Na karibu kila aliyeandika anaamini kwamba ukishalipa bati moto wa kutosha basi litavutika tu unavyotaka. Sio hivyo jamani. Tuanze na fundi wa Kibirizi maana ya kwake ndo inafungua zingine.

SWALI: Habari za kazi mkuu. Mimi fundi niko Kibirizi hapa Kigoma, natengenezea wavuvi wa dagaa kofia za taa, zile za kurudisha mwanga chini majini. Natumia bati la aluminiamu la milimita 1, presi nimeunga mwenyewe kwa jeki ya tani 20, panchi ya chuma nilichongewa, ya duara kama bakuli limegeuzwa. Likiwa baridi linachanika. Nikalipasha kwenye mkaa na feni mpaka likawa moto haswa, nikalitoa kwa koleo, nikalibana na ringi, nikapampu jeki pole pole lisishtuke. Likachanika tena, mstari wa kuzunguka, kama vidole viwili chini ya kichwa cha panchi. Moto haujatosha au nimeuziwa bati feki?

JIBU: Fundi, bati inawezekana halina kosa lolote na moto ulikuwepo, kilichokuponza ni hiyo pole pole. Bati limetoka kwenye mkaa tuseme na nyuzi 400, panchi yako ni chuma cha nyuzi 25 au 30, kichwa chake kikigusa tu katikati ya bati pale pale joto linanyonywa, kwa sababu aluminiamu inapitisha joto karibu mara 4 ya chuma cha kawaida na bati la milimita 1 halina akiba ya joto ya kusema itakaa. Pale palipoguswa panapoa panarudi kuwa pagumu. Pembeni kwenye ringi ya kubania nako hivyo hivyo. Kinachobaki moto na laini ni ile pete iliyoko katikati ya hayo mawili, haijagusa panchi wala haijabanwa. Sasa jeki ikisukuma nani atavutika? Wagumu hawasogei, kwahiyo kila milimita panchi inayoshuka inalipwa na ile pete peke yake, inakonda, inakonda, halafu inaachia. Ndo maana umepata mstari wa kuzunguka vidole viwili chini ya kichwa na sio mpasuko wa hovyo hovyo.

Ukibaki na panchi baridi basi ungepampu haraka sana, na jeki ya mkono hilo haiwezi. Au uipashe panchi na ringi navyo, hapo pole pole ingekuwa rafiki yako. Lakini mimi nadhani huhitaji kufinya kwa moto kabisa. Mabati mengi ya aluminiamu ya madukani kwa kazi kama yako ni aluminiamu karibu tupu, na mara nyingi yameshapitishwa kwenye rola kiwandani yakaachwa magumu nusu. Moto ambao bati la hivyo linataka ni wa kulilainisha tu. Lipashe mpaka kama nyuzi 350, liache lipoe, LIPOE nasema, halafu lifinye likiwa baridi na mafuta. Ukifika nusu ya kina toa, lipashe tena, lipoze, malizia. Ringi usiibane mpaka bati lishindwe kuteleza kuingia ndani, ibane ya kutosha tu lisikunjamane.

Joto utalijuaje? Usisubiri liwe jekundu kama chuma, aluminiamu tupu inayeyuka nyuzi 660 na mchana hutaona rangi yoyote kabla halijakudondokea kwenye mkaa. Chukua sabuni ya kipande, chora mistari juu ya bati, pasha kwa upande wa pili, mistari ikigeuka kahawia iliyoiva inaelekea nyeusi ondoa moto. Wanyoosha bodi za magari wanatumia hiyo miaka nenda rudi.

Na kitu kingine kabla ya kufinya, chora miduara midogo ya milimita 10 kwenye bati kwa ncha ya msumari, kwaruza kidogo tu usichimbe. Ukimaliza pima imekuwaje. Duara lililokuwa 10 kwa 10 likawa 13 kwa 8, limevutika asilimia 30 upande mmoja lakini upande wa pili limejikusanya, unene wako umetoka 1 umebaki 0.96, hujapoteza kitu. Likiwa 13 kwa 10, umebaki na 0.77. Likiwa 13 kwa 13, umebaki na 0.59. Kote umevuta asilimia 30 ile ile! Hesabu yake rahisi, bati haliongezeki wala halipungui ujazo, kikiongezeka urefu na upana lazima unene ulipe. Kwahiyo mtu akikuambia bati hili linavutika asilimia 30 muulize, likivutwa vipi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi mwanafunzi wa uhandisi, nipo likizo nyumbani Ujiji. Projekti yangu ni simulesheni, yaani kuigiza kwenye kompyuta, ya kufinya aloi ya 6082 (aluminiamu iliyochanganywa na magnesi na silikoni), bati la milimita 2, linapashwa nyuzi 530 halafu linafinywa kwenye kalibu baridi. Nilichukua mchoro wa mpaka wa kuvutika wa aloi hiyo uliopimwa kwenye joto la kawaida, nikaona nikitumia wa baridi nipo upande salama kwa sababu moto unavutika zaidi. Kwenye programu nikaliwekea bati joto moja, 530 mwanzo mpaka mwisho. Ikaonyesha kijani kila mahali, yaani salama. Kipande halisi kilipofinywa kikapasuka kwenye kona. Supavaiza kasema niweke modeli ya uharibifu, nimeenda kusoma nimekuta milinganyo imejaa herufi za Kigiriki na konstanti kibao. Ni kitu gani hasa na nichague ipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Swali zuri na supavaiza wako hajakosea, ila kakurukisha hatua. Shida yako ya kwanza haipo kwenye mpaka, ipo kwenye ile 530 mwanzo mpaka mwisho. Wewe na fundi wa Kibirizi mmechanika kwa sababu moja, soma jibu lake hapo juu. Programu yako ilidhani bati lote ni moto sawa sawa kwahiyo ikagawa kuvutika vizuri kwa kila mtu, kona ikapewa kidogo, kijani. Kwenye kalibu halisi sehemu zilizogusa chuma zimepoa, zimegoma, mzigo wote umeenda konani. Yaani hata ungekuwa na mchoro wa mpaka ulioshuka toka mbinguni, namba ulizokuwa unazilinganisha nao zilikuwa za uongo.

Sasa twende kwenye huo mpaka wenyewe. Mchoro huo asili yake Marekani miaka ya 1960, Keeler alichora upande wa kulia, bati likivutwa pande zote mbili, na Goodwin mwaka 1968 akaongeza wa kushoto, likivutwa huku likijikusanya kule. Ni miduara ile ile niliyomwambia fundi. Unafinya vipande vya upana tofauti kwa panchi ya nusu tufe mpaka vikatike, unasoma miduara iliyo jirani na mpasuko, unaweka nukta. Ukiunganisha unapata mstari kama herufi V iliyolegea, na kwa kawaida chini kabisa ya V ni pale ambapo upande mmoja unavutika na mwingine haubadiliki, ule mfano wa 13 kwa 10. Wengi wanadhani 13 kwa 13 ndo ya hatari zaidi kwa sababu unene umepungua zaidi, lakini ile ya 13 kwa 10 ndo inaanza kukonda mstari mapema. Kona nyingi za kalibu, chini ya ukuta, zipo kwenye hali hiyo hiyo.

Ila mchoro huo una masharti ambayo watu huwa hawasomi. Bati liwe limevutwa kwa njia iliyonyooka bila kubadili uwiano, kwa joto moja, kwa kasi moja. Kwenye joto la kawaida unaweza kujificha hapo. Kwenye kufinya kwa moto kila kipande cha bati kinabadilisha joto, kasi na uwiano wa kuvutika ndani ya nusu sekunde, kwahiyo mstari unaolinganisha nao unahama wakati na wewe unahama. Ukichukua wa baridi ukasema upande salama, sio salama, ni mchoro wa bati lingine.

Kwa nini lakini moto unasaidia, pale unaposaidia? Hapa ndo penye utamu na wengi wanapapita haraka. Wapolandi wawili, Marciniak na Kuczyński, mwaka 1967 walisema hivi: tuchukulie kwamba hakuna bati lililo sawa kabisa, mahali fulani kuna mfereji mwembamba sana, unene wake pungufu labda nusu ya asilimia moja tu. Ukivuta, mfereji unavutika kidogo zaidi ya jirani, unakonda, kwa kukonda unavutika zaidi tena, mwisho mfereji unakimbia na jirani anasimama. Siku mfereji ukienda kasi mara 10 ya jirani, wengi wanasema basi, huo ndo mpaka.

Kinachoamua ni je, anayekimbia anapata upinzani kiasi gani kwa kukimbia kwake. Kuna namba inaitwa m, inasema nguvu ya bati inapanda vipi kasi ikipanda. Aluminiamu ya baridi m yake inakaribia sifuri, na kwenye aloi za aluminiamu zenye magnesi inaweza hata kwenda chini ya sifuri, ndo maana zikivutwa baridi zinatoka michirizi mibaya juu. Chukua m ya 0.01, mfereji ukienda kasi mara 10 unapata ukinzani wa asilimia 2 na kidogo tu, haumzuii mtu. Pasha mpaka m iwe 0.1, kasi ile ile mara 10 inaleta asilimia 26. Ifikishe 0.2, ni asilimia 58. Hapo mfereji unaambiwa subiri wenzako, na bati zima linalazimika kugawana kuvutika. Huo ndo msaada wa moto! Ulaini wenyewe sio msaada, tena ule ugumu unaoongezeka bati likifinywa, ambao kwa baridi ndo ulikuwa unagawa mzigo, moto unaupunguza. Umepoteza mlinzi mmoja umepata mwingine.

Aloi ya 5083 yenye chembe ndogo (zile punje za metali zilizoshikana kulifanya bati) ikivutwa kwenye nyuzi 450 mpaka 500 kwa mwendo wa kinyonga, kama sehemu moja ya elfu ya urefu wake kwa sekunde, inaweza kupita asilimia 200, kwa gesi na kalibu iliyopashwa. Ndo watu wanasoma hiyo halafu wanasema aah kumbe pole pole, wanaenda kufinya pole pole kwenye kalibu baridi. Kalibu ya moto, pole pole. Kalibu baridi kama yako, haraka, kabla joto halijakimbia, na kasi yenyewe inakuongezea ugumu kwenye sehemu zinazotaka kukimbia. Usipoliandika hili kwenye simulesheni, yaani joto linavyohama toka bati kwenda chuma, na uhamaji huo unavyobadilika na mgandamizo na mwanya ulioachwa, acha kabisa mambo ya herufi za Kigiriki.

Haya, uharibifu. Kwenye baridi bati kwa kawaida linakonda kwanza ndo linachanika, ukishajua litakonda lini umemaliza kazi. Kwenye moto kukonda kunacheleweshwa mno, na katika kuchelewa huko kitu kingine kinapata muda wa kukua ndani: vitundu. Aloi yoyote ina vipande vidogo vigumu ndani yake, vingi ni vya chuma na silikoni vilivyobaki toka kuyeyushwa. Bati likivutika wao hawavutiki, kinafunguka kitundu pembeni ya kipande, vitundu vinakua, vinakutana. Kwenye joto la juu vinafunguka zaidi kwenye mipaka ya chembe kwa chembe, kwa sababu chembe zinaanza kuteleza kwenye mipaka hiyo. Kwahiyo hata aina ya uharibifu inabadilika na joto, na modeli lazima ijue.

Modeli yenyewe kwa ufupi ni daftari la mkopo dukani. Kila kipande cha bati kina ukurasa wake, kinaanza na deni sifuri, kila kikivutika deni linaongezwa, na kiasi kinachoongezwa kinategemea siku hiyo joto lilikuwa ngapi, kasi ngapi, kimevutwa upande mmoja au pande zote. Deni likifika kikomo dukani hupewi tena. Mrusi Kachanov ndo aliandika wazo hili mwaka 1958, alikuwa anawaza vyuma vinavyolegea kwa miaka kwenye joto, wala sio mabati ya magari. Deni linaitwa omega, toka 0 mpaka 1, na ujanja wake ni kwamba omega ikiwa 0.3 maana yake eneo linalobeba mzigo ni 0.7 tu, kwahiyo kilichobaki kinabeba mara 1.43 ya unachodhani. Ndo maana mwishoni deni linakimbia lenyewe. Kwenye simulesheni watu hawasubiri 1, wanakata mapema, 0.7 kwa mfano.

Faida yake juu ya mchoro wa V umeshaiona: daftari linakwenda na safari. Joto likibadilika katikati, kiwango cha kuongeza deni kinabadilika, ila deni la jana halifutwi. Kikundi cha Imperial College London kilichotengeneza njia ya kupasha aloi za familia ya 6000 (6082 yako imo) na 7000 mpaka viungo vya kuzipa nguvu viyeyukie ndani, kufinya na kupoza ndani ya kalibu ile ile, ndo kimefanyia kazi sana modeli za aina hii, na kesi yako ni mle mle.

Sasa mitego, na hii isome mara mbili. Wengi wanapata konstanti zao kwa kuvuta vipande vyembamba upande mmoja, joto tofauti kasi tofauti, mistari ya modeli inakaa vizuri juu ya data, wanafurahi. Lakini kuvuta upande mmoja hakukuambii chochote kuhusu bati likivutwa pande mbili. Kwenye modeli hizo kuna uzito wa kupima ni mkazo gani (nguvu kwa kila eneo la bati) unaua, ule mkubwa kabisa, ule wa wastani wa pande zote, au ule wa jumla, na uzito huo unaupata kwa kulinganisha na vipimo vya V kwenye moto, sio kwa kukisia. Huna vipimo vya moto vya pande mbili? Basi sema hivyo kwenye ripoti na usidai kona yako inatabirika.

Pili, bati linalolegea kwa uharibifu linapenda kukusanya mzigo kwenye mstari mmoja wa vipande vya meshi, vile vijisehemu ambavyo programu inakatia bati, ukipunguza ukubwa wa meshi toka milimita 5 kwenda 1 jibu linabadilika. Konstanti ulizozipata na meshi moja usizihamishie nyingine ukakaa kimya.

Tatu, 530 usiione ndogo. Kwa 6082 hiyo ndo sehemu yake haswa, lakini oveni ikikosea ikapita sana, mipaka ya chembe inaanza kuyeyuka kabla bati halijayeyuka, na hapo kuvutika kunaanguka ghafla. Hakuna sheria kwamba moto zaidi ni mvuto zaidi.

Uchague ipi? Mimi ningekuwa wewe, na muda wa mwanafunzi ninaujua ulivyo, ningeanza na joto linalohama na ugumu unaotegemea kasi na joto, niendeshe hivyo bila uharibifu wowote nione kona inakonda wapi. Nakuhakikishia kijani chako kitapungua. Halafu niweke daftari la omega. Modeli ya Gurson ya mwaka 1977, inayohesabu ujazo wa vitundu vyenyewe, ni nzuri sana, ila ukiwa na vipande vyako vichache vya maabara konstanti zake utazijaza kwa kukopa kwenye makala za watu, na ya kukopa kwenye aloi tofauti ni mapambo. Na yule atakayekuambia weka tu unene usipungue zaidi ya asilimia 20 umalize, mwambie ni kanuni ya kusaidia makadirio, sio ya kuandikia projekti.

SWALI: Mkuu mimi msomaji toka Kasulu. Mambo ya simulesheni za magari ya Ulaya yanatuhusu nini sisi? Mngetufundisha kutengeneza vitu.

JIBU: Kaka, fundi wa Kibirizi anatengeneza kofia za taa na amechanika kwa sababu ile ile ya mwanafunzi. Watengeneza magari wanahangaika kwa sababu aluminiamu ina uzito kama theluthi ya chuma na gari jepesi linakula mafuta kidogo, ila ikiwa baridi haipendi kona kali na ikitoka kwenye kalibu inarudi nyuma sana kwa sababu ugumu wake wa kujipinda ni theluthi ya chuma pia. Bati la kwako wewe linarudi nyuma vile vile.

SWALI: Habari yako kaka. Tunafinya sahani na mabakuli na mume wangu, tupo Mwandiga. Tunapaka mawese kwenye bati lisikwaruze, kwa baridi inaenda safi, lakini tukipasha yanatoa moshi balaa na bati linang'ang'ania kalibu. Tuongeze mawese au?

JIBU: Hapana dada, usiongeze. Mawese kwa baridi ni kilainisho kizuri kweli, viwanda vya mabati ya makopo vilitumia mafuta ya mawese kwenye rola zao kwa miaka mingi, kwahiyo hujakosea. Ila yakifika kama nyuzi 230 yanafuka, ukipita 300 yanaweza kushika moto, na kabla ya hapo yameshaacha masizi yanayonata. Ikishakuwa hivyo aluminiamu inagusa chuma cha kalibu moja kwa moja, na aluminiamu ya moto kwa chuma ni kama wamezaliwa pamoja, inachubuka inabaki kwenye kalibu na kipande kinachofuata kinachanika kwa hizo chubuko.

Na msuguano sio suala la mikwaruzo tu. Mahali bati linaposhindwa kuteleza ndo mahali halisaidii wenzake kuvutika, inarudi hadithi ya pete ya Kibirizi. Kwa moto wanatumia grafaiti au boroni naitraidi, unga au iliyochanganywa na kimiminika, unapaka unaacha ikauke. Grafaiti ukiikosa dukani, lainisha bati kwa moto, LIPOE, ndo upake mawese yako ufinye. Sahani na mabakuli hazihitaji zaidi ya hapo. Mkimaliza osheni vizuri kabla ya kulipasha tena bati, mafuta yaliyobaki yanaungulia humo humo.

SWALI: Salaam. Fundi bodi niko Tabora mjini. Paneli ya aluminiamu ikishavutika naipasha, inakuwa laini upya, nanyoosha, naipasha tena. Je nikifanya hivi bati linapona kabisa, au kuna siku itagoma?

JIBU: Itagoma. Moto unafuta ugumu, ule ulioongezeka kwa kugongwa, chembe zinajipanga upya na bati linakuwa laini kama jipya ukilishika mkononi. Vitundu haufuti. Kilichofunguka pembeni ya kipande kigumu kimefunguka, nyuzi 350 kwenye jiko hazitakiziba, na unene uliopotea haurudi. Ndo maana paneli inakudanganya, mkono unakuambia bado changa halafu inapasuka kwa nyundo ndogo tu. Kwenye lugha ya yule mwanafunzi, umefuta ugumu lakini omega umeiacha pale pale.

Unachoweza kufanya ni kuacha kuvuta sehemu ile ile kila mara. Ikiwezekana sukuma bati lirudi kujikusanya, yaani kugonga kwa kulikusanya sio kulitandaza. Ukiona uso umeanza kuwa kama ganda la chungwa, vile vipele vidogo vidogo, hiyo ni chembe zimekua kubwa na zinajitokeza juu, mara nyingi ni alama kwamba umepasha sana au umevuta sana, usiendelee kugonga hapo, kata uunge kipande.

Na uangalie paneli za aloi za kisasa, hasa za aina ya 6000. Hizo kiwandani zimepewa nguvu kwa joto maalum, ukizipasha wewe kwa gesi mpaka sabuni inaungua nguvu yao imeondoka na hairudi kwa kupoza na maji ya bomba. Paneli itanyooka vizuri tu ila itakuwa dhaifu kuliko zenzake. Mwambie mwenye gari kabla hujaanza.

SWALI: Natengeneza masufuria ya kumimina kwa vyuma chakavu, pistoni, rimu, makopo, vyote aluminiamu. Naweza kumimina bati langu mwenyewe nikalifinya badala ya kununua?

JIBU: Kumimina bamba utamimina, kulifinya kwa kina usijaribu. Pistoni imejaa silikoni, na chakavu kinakuja na chuma, boliti zilizosahaulika, waya, hata kijiko chako cha chuma cha kukorogea kinachangia. Chuma hicho kikishayeyukia humo hakitoki, kinaganda kuwa vijiti vigumu vinavyovunjika, na kila kijiti ni mahali pa kitundu kufunguka, ongeza na matundu ya gesi ya kumimina. Vitundu vinavyolipasua bati la mwanafunzi mwishoni wewe unaanza navyo. Bati la kiwandani limepitishwa kwenye rola mara nyingi, vijiti vimevunjwavunjwa vidogo na matundu yamefungwa, huwezi kulinganisha.

Baki kwenye sufuria za kumimina, zinauzika. Tenga pistoni peke yake, makopo peke yake, toa boliti zote kabla. Na hakikisha kila kipande kimekauka kabisa ndo ukitumbukize kwenye aluminiamu iliyoyeyuka, maji kidogo tu yakinasa chini yanageuka mvuke mara moja na yanakurushia chungu kizima usoni. Msimu huu wa mvua chakavu kilicholala nje kianike kwanza juu ya jiko.